Aliyesema Chimbeni

Kwa miaka mingi nilifundisha Kiingereza katika shule ya wasichana karibu na Matinyani, na katika silabasi nzima hakuna mada niliyoidharau kama ile ya kidato cha tatu, ya kuchukua kauli ya kutendwa, kuitanguliza na can, may, must au should, kisha kupachika kielezi katikati. Nilikuwa nachora jedwali ubaoni. Safu ya kwanza vile vitenzi vidogo, ya pili vielezi kama always na easily, ya tatu be, ya nne kitenzi chenyewe. Wasichana walichota neno moja kila safu na sentensi ikawa tayari: The gate must always be closed. The food can easily be spoiled. Walifurahi sana. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko kuchambua maharagwe, na mwishowe unapata sentensi yenye sauti ya mkubwa.

Tena mkubwa mwenyewe hayumo ndani. Lango lazima lifungwe daima. Na nani? Haisemi. Chakula kinaweza kuharibika kwa urahisi, na aliyekiacha juani ameshakwenda zake. Nilifundisha mada hiyo vizuri, wasije wakasema sikuijua. Nilikuwa mkali hasa juu ya mahali pa kielezi: kinakaa baada ya kile kitenzi kidogo cha kwanza, could easily have been avoided, hakiburutwi mwishoni kama mkia wa mbuzi. Mkaguzi mmoja alikuja akakaa nyuma ya darasa, akaridhika, akaniambia somo langu lilikuwa la mfano. Hakujua kwamba nilikuwa nafundisha kama mtu anavyoosha sufuria ya jirani anayemchukia. Inang'aa, lakini hakuna upendo.

Najua mtaniambia Kiswahili nacho kina kutendwa, na Kikamba vilevile. Kweli. Lakini hebu mwambie mwanamke wa kwetu kwamba mbuzi wake ameibwa. Kabla hujameza mate atakuuliza, "Nũũ?" Nani? Kwetu sentensi ya namna hiyo huleta swali. Kwa wale waheshimiwa wetu waliojifunza Kiingereza cha ofisini, kazi yake ni kulizima swali. Niliwaona wengi wao katika maisha yangu, na sikuwahi kumheshimu hata mmoja. Lakini chuki yangu haikuanzia darasani. Ilianza kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa aliolewa upande wa Kasikeu, na mwanzoni mwa miaka ya sabini yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika mwethya wa kule. Asiyejua mwethya na ajue: ni kikundi cha kazi ya pamoja, wengi wao wanawake, leo wanachimba matuta katika shamba la huyu, kesho la yule. Serikali ilipogundua kwamba kuna watu wanaofanya kazi bila mshahara na huku wanaimba, ikawaongezea barabara, madarasa na mabwawa. Hakuna anayeinua jembe mpaka wimbo uanze. Anayeuanzisha si mnyapara, wala hana amri juu ya mtu. Ana sauti tu, na ana pumzi. Lakini ni heshima kubwa. Ukiwauliza wenyewe kazi hii aliianza nani, watakutajia mwenye wimbo, na watamtaja wakijivuna.

Shikeni hapo, maana hapo ndipo dada yangu alipopotelea.

Mwaka mmoja walikuwa wanajenga silanga, bwawa la udongo la kukinga maji ya mvua. Kwa dada na wenzake lilikuwa na maana ya kuacha kupoteza nusu siku wakifuata maji kwenye mashimo ya mchanga mtoni. Afisa aliyesimamia kazi alikuwa kijana Mkamba kama sisi, mzaliwa wa ng'ambo ya kilima kilekile, lakini ungemsikia akizungumza ungedhani ameshushwa na ndege asubuhi hiyo. Soksi mpaka magotini, kaptura iliyopigwa pasi, kifimbo mkononi. Akiwakuta kina mama wamekaa kivulini kunywa uji husema, "Time should not be unnecessarily wasted." Akishasema hivyo, kwamba muda usipotezwe bure, anaingia katika Land Rover yake kulala, kofia usoni.

Jioni moja wanawake wengine walikuwa wameshaondoka. Walibaki dada na rafiki yake, mke mchanga aliyeolewa boma la jirani, wakikusanya makarai na sururu. Afisa akaja mbio mbio. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na yeye alikuwa amewaahidi wakubwa wake kwamba ukuta utakwisha kabla ya mvua. Akanyoosha kifimbo kuelekea ukingo mrefu wa udongo mwekundu. Udongo mzuri wa kushika maji ulikuwa chini kabisa, tumboni mwa ukingo ule.

"Kesho chimbeni hapa chini," akasema kwa Kikamba.

"Bwana, hapo juu pananing'inia," dada akamwambia. "Tukila chini, patatuangukia."

"Mtaalamu hapa ni nani, mimi ama wewe? Nimesema chimbeni."

Oneni basi. Jioni hiyo Kikamba chake kilimrudia chote. Alijua kusema nimesema, alijua kusema nyinyi, alijua hapa na kesho. Hakuna kielezi kilichomhangaisha.

Asubuhi dada akaanzisha wimbo, kina mama wakaitikia, wakaingia ukingoni. Rafiki yake alikuwa ubavuni mwake. Ukingo ulipoanguka ulimchukua yeye, na walipomfukua kwa mikono na kwa makarai alikuwa ameshakufa. Dada alitoka na vumbi kichwani tu, bila hata mkwaruzo, na hilo nalo watu walikuja kumhesabia.

Uchunguzi ukafanywa, kama wanavyopenda kusema. Wanaume kadhaa waliotoka mjini walikaa kwenye viti mbele ya ofisi ya chifu, kina mama wakakaa chini kwenye vumbi. Mmoja akauliza kupitia kwa mkalimani, "Kazi ya asubuhi ile iliyoleta msiba, aliianza nani?"

Kina mama wote wakamwonyesha dada yangu. Walimwonyesha kwa heshima. Walidhani wanamfariji mbele ya wageni: huyu ndiye mwenye wimbo wetu, mwangalieni vizuri. Mmoja hata alimsukuma kidogo begani asimame aonekane. Naye akasimama, akasema ndiyo, ni mimi. Angejibu nini? Ni kweli aliimba. Mjinga aliyeuliza alikuwa anatafuta mtoa amri, na watu wa kwetu walimpa mwimbaji, kila mmoja akaridhika.

Ndipo dada akaeleza habari ya jioni iliyotangulia, ya kifimbo na neno chimbeni. Shahidi wake pekee alikuwa kaburini. Afisa akaulizwa. Akasimama, akajikunguta kaptura, akasema kwa Kiingereza, "No such instruction would ever have been given."

Agizo kama hilo lisingeweza kamwe kutolewa. Nimeifundisha sentensi hiyo miaka yote, nikiificha ndani ya mifano mingine, na kila nikiiandika chaki hunivunjikia. Would, ever, have been given. Kila neno liko mahali pake, kielezi kimekaa panapostahili, ningempa alama zote. Hakusema sikutoa. Mtu akisema sikutoa amesema uongo, na Mungu amemsikia. Yeye alisema tu kwamba agizo, likiwa peke yake huko duniani bila baba wala mama, si la aina inayotolewa. Wale wanaume wa viti wakaandika, wakiitikia kwa vichwa.

Matokeo yalisomwa katika baraza. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu wakati huo na nilikuwa nimerudi likizo, kwa hivyo niliyasikia kwa masikio yangu. Mahali pa kazi palikuwa pamekaguliwa ipasavyo. Ajali ingeweza kuepukwa kwa urahisi. Kila kitu kilifanywa, kilikaguliwa, kilizingatiwa, na hakukuwa na binadamu hata mmoja mpaka tukafika karibu na mwisho, ambapo ghafla mtu akapatikana: ukingo ulichimbwa chini na wanawake, kwa amri ya kiongozi wao. Neno by, ile "na" inayomtaja mtendaji, walikuwa wamelitunza lote kwa ajili ya dada yangu. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa Kiingereza, mahali pale palikaguliwa na nani? Mwenyekiti akatabasamu kama mtu anayempa mtoto peremende. "Your question will be duly noted," akasema, yaani swali langu litazingatiwa ipasavyo. Limenotiwa mpaka leo.

Dada hakufungwa wala hakutozwa kitu. Wenye ofisi walimsahau kabla hawajafika barabara kubwa. Waliomkumbuka ni majirani, na hasa mama mkwe wa marehemu. Mama huyo aliacha kumsalimia. Pengine kwingine hilo ni jambo dogo. Kwetu unaweza kugombana na mtu juu ya mpaka wa shamba mpaka mkatukanana matusi ya nguoni, na asubuhi mkasalimiana njiani, maana salamu ni salamu. Mama yule alisalimia kila mtu njiani akamruka dada yangu. Dada naye hakuacha. "Uvoo waku?" angesema kila wakikutana, habari yako, na mama anapita kama amepishana na kichaka. Iliendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, wote wawili wakizeeka.

Silanga ilimalizwa, kwa udongo wa mahali pengine, na maji yakakaa. Dada aliyateka kama wengine, ila alisubiri kwa mbali, akiwa na mtungi wake, mpaka mama yule aondoke. Wimbo hakuuanzisha tena. Kwenye mwethya aliitikia, kanisani aliitikia. Waliomsihi mwanzoni walichoka wakaacha.

Niliwahi kumwuliza, kwa hasira, anataka nini hasa. Nilikuwa tayari kumwandikia barua Rais. Tulikuwa jikoni kwake, anachuja maziwa.

"Nataka yule afisa aseme aliniambia," akajibu. "Mbele ya yule mama. Basi."

"Afungwe?"

"Afungwe wapi? Mimi nitakula kufungwa kwake? Aseme tu."

Kitu kidogo hivyo. Maneno matatu ya Kikamba, na mtu mzima aliyesomeshwa kwa kodi yetu hakuwa nayo. Badala yake alipandishwa cheo, hapo tena sijui na nani, akahamishwa, akapandishwa tena. Nilimwona mara kwa mara kwenye sherehe za wilaya, akisimama mbele ya kipaza sauti kuahidi kwamba mambo yatashughulikiwa kikamilifu. Barabara ingetengenezwa hivi karibuni. Dawa zingeletwa bila kuchelewa. Tumbo lilikuwa limetangulia mbele yake kama mtu anayepewa heshima ya kuingia kwanza. Nami nikarudi Matinyani kufundisha wasichana safu nne za jedwali, nikijua kwamba wengine wao wataolewa na watu kama yule na wengine watakuwa watu kama yule. Niliwaambia kitu kimoja ambacho hakikuwa katika silabasi: ukisikia sentensi hii kutoka kwa mtu mwenye gari, shika mkoba wako.

Katika miaka ya tisini akastaafu. Alikuwa na kituo cha petroli na vyumba vya kulala wageni kule Kambu kwenye barabara ya Mombasa, lakini nyumba alirudi kuijenga kwao, ng'ambo ya kilima, na akaanza kuja kanisani kwa dada yangu. Akaweka mabati mapya juu ya paa la kanisa. Baada ya mabati, watu wakaanza kunong'ona kwamba atafanywa mzee wa kanisa. Sasa kanisa lile lina utaratibu wake, tena mkali: hakuna anayewekwa kuwa mzee kabla hajasimama mbele ya wote na kushuhudia, na kushuhudia maana yake ni kuitaja dhambi yako kwa jina lake na aliyeumia kwa jina lake. Nimewahi kumsikia mwanamume pale akitaja kuku.

Jumapili hiyo nilikuwa nimemtembelea dada. Alivaa leso yake mpya. Alikaa upande wa wanawake, safu ya tatu, na yule mama mkwe, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alikaa mbele kabisa walikokaa vikongwe.

Mheshimiwa akapanda madhabahuni na suti yake, akamnong'oneza mchungaji. Mchungaji akaangaza macho, akaniona.

"Mwalimu, hebu kuja utusaidie kutafsiri. Mzee ataongea Kizungu, si unajua tuko na wageni."

Nikageuka kuwatafuta wageni. Alikuwako dereva wake, na amelala. Mkamba mzima, amezungukwa na Wakamba waliomwona akitambaa, anakwenda kutubu kwa Kiingereza! Nilipanda.

"In my years of service," akaanza, kwa ile sauti ya sherehe za wilaya, "mistakes may have been made."

Nikawaambia watu kwa Kikamba: anasema katika miaka ya kazi yake, huenda makosa yalifanywa.

"Some people may have been unintentionally hurt."

Anasema huenda kuna watu waliumizwa bila kukusudiwa.

"Where anything could perhaps have been done differently, I ask that it be forgiven."

Yaani kama kuna lililoweza pengine kufanywa vingine, lisamehewe. May, unintentionally, could, perhaps. Alikuwa hajapoteza hata kimoja, na vielezi vilikuwa bado vimekaa panapostahili. Nilimwangalia dada yangu. Alikuwa ameshika kitambaa cha mkononi kwa mikono miwili na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa. Nikajua kwamba mzee akishuka hapo, imekwisha. Ataimbiwa, atapigiwa makofi, atapewa kiti cha mbele, na dada atakwenda kaburini na ule ukingo juu yake.

Nikamgeukia nikasema kwa Kiingereza, polepole, na kipaza sauti kikiwa mdomoni, "Mzee, watu wa hapa wataniuliza makosa yalifanywa na nani. Niwaambie nani?"

"Just translate as it is," akasema.

"Nimemwuliza makosa yalifanywa na nani," nikawaambia watu. "Ameniambia nitafsiri tu hivyo hivyo. Kwa hivyo aliyefanya hayupo. Aliyeumizwa naye hajulikani. Tunaombwa tusamehe, na hatujui tumsamehe nani."

Mtu akacheka nyuma. Kicheko hicho ndicho kilichomvunja, maana watu wa aina yake wanaweza kuvumilia msiba lakini kicheko hawakiwezi. Akanipokonya kipaza sauti, mshipa umemsimama shingoni, na Kiingereza chote kikamtoka.

"Mvua ilikuwa imefika!" akapiga kelele kwa Kikamba. "Mngetaka niwaambie wachimbe wapi? Udongo mzuri ulikuwa pale chini! Huyu mama aliniambia pananing'inia, ndiyo, aliniambia, lakini mvua ilikuwa imefika!"

Kisha akasikia mwenyewe alichosema. Sauti ilikuwa bado inazunguka chini ya mabati yake mapya. Akakohoa, akajaribu kurudi alikotoka. "What I mean is, it could possibly be said..." Hakuna aliyenitazama nitafsiri.

Maana mama mkwe wa marehemu alikuwa amesimama. Alichukua muda mrefu kugeuka, na muda mrefu zaidi kufika safu ya tatu, na wanawake wakavuta magoti kumpisha. Akasimama mbele ya dada yangu akampa mkono.

"Uvoo waku," akasema.

Dada aliutazama ule mkono. Nilimwombea aukatae, nasema kweli, roho yangu ilitaka hivyo. Akaushika. Hakujibu salamu, aliushika tu.

"Anzisha wimbo," mama akamwambia. "Tuimbe, twende nyumbani."

"Anza wewe," dada akasema.

Kanisa zima lilisikia. Mheshimiwa alikuwa bado amesimama kule mbele na kipaza sauti, na hakuna aliyekumbuka kumwambia akae. Mama yule hakuwahi kuwa na sauti, hata ujanani. Alianza hivyo hivyo, juu sana, akakwama mstari wa pili. Dada yangu alimwacha akwame kidogo, kisha akaitikia.